Gari la Kwanza Kufika

Hotuba kwa madereva na wahudumu wa magari ya wagonjwa, Morogoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waganga wafawidhi mliofika, maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na wa Kikosi cha Usalama Barabarani, wakufunzi wenzangu, na ninyi ndugu madereva na wahudumu ambao siku ya leo ni yenu: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Waandaaji waliniomba nizungumzie mambo mawili, uendeshaji wa gari la wagonjwa na usimamizi wa matukio makubwa ya dharura. Ningependa kuyazungumza kama jambo moja, kwa sababu katika miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba tukio kubwa huanza kuharibika, au kuanza kutengemaa, mikononi mwa wale wawili walio ndani ya gari la kwanza kufika, na kwamba yale watakayofanya wakishashuka huwa yamekwisha kuonekana katika namna walivyokuja barabarani.

Tunakutana hapa tukiwa karibu na Msamvu, na sidhani kama kuna mtu wa mji huu anayehitaji kukumbushwa. Asubuhi ya Jumamosi, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na kituo cha mabasi, watu wakasogea kuchota petroli, na moto ukalipuka wakiwa wamelizunguka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengine palepale na wengine wodini siku na wiki zilizofuata. Miaka kumi kabla yake, 31 Januari 2009, wenzetu wa Kenya walipata msiba wa namna hiyohiyo huko Sachang'wan, karibu na Molo, na kule pia waliokufa walizidi 100. Nawataja marehemu hawa kwa heshima, wala sikusudii kuwalaumu. Wengi wao walikuwa watu waliotoka nyumbani kutafuta riziki. Nitarudi kwao, kwa sababu kuna mambo ambayo wahudumu wa dharura hatuna haki ya kujifunza mara ya pili.

Ndugu madereva, nianze na ninyi, maana katika semina nyingi ninyi huzungumziwa mwishoni, baada ya watu kuchoka. Hebu tufanye hesabu ndogo. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchukua dakika saba na nusu. Ukiongeza mwendo hadi kilomita 100 kwa saa, utatumia dakika sita. Umeokoa dakika moja na nusu, tena kwa kudhani kwamba barabara ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, bila tuta, bila bodaboda, bila mbuzi. Lakini umbali ambao gari lako linauhitaji ili kusimama, tangu breki zianze kushika, umeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu nguvu ya gari linalokwenda hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Umenunua sekunde tisini kwa bei hiyo. Mara nyingi sekunde hizo hupotea zote kwenye lango la hospitali, wakati mlinzi anatafuta ufunguo wa komeo, au wodini, wakati hakuna aliyeambiwa kwamba mgonjwa anakuja. Simu iliyopigwa mapema huokoa dakika nyingi kuliko mguu uliokandamiza mafuta.

King'ora huomba njia, hakiitoi. Kwenye makutano yenye taa nyekundu gari la wagonjwa linasimama, dereva anaangalia macho ya madereva wengine mstari kwa mstari, na anapita pale tu anapoona kwamba wameliona. Magari mawili ya wagonjwa yanapofuatana, hatari ni ya lile la pili: dereva wa daladala husikia king'ora, huliachia njia la kwanza, kisha hurudi barabarani akiamini kwamba yamekwisha. Acheni nafasi kubwa kati yenu, na ikiwezekana tumieni milio tofauti. Na nyuma yenu, ndugu zangu, kuna mwenzenu aliyesimama au kupiga magoti, mkono mmoja ukibana jeraha na mwingine ukishikilia dripu, ambaye haoni barabara. Mwambieni kwa sauti kabla ya kila tuta na kila kona. Muuguzi mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akisema kwamba humjua dereva mzuri kwa kuwa yeye, muuguzi, hahitaji kushika chochote ili asianguke. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo ninapokagua madereva, na nakiona ni cha haki kuliko saa ya mkononi.

Hapa mkoani tuna barabara za aina zote. Ya kwenda Dar es Salaam ina malori usiku na mchana. Ya kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako usiku twiga na nyati huvuka bila kuangalia upande wowote, na taa zetu za kumulika haziwafundishi lolote. Dereva anayefika salama kwenye ajali ya Mikumi saa nane usiku amekwisha kutoa huduma ya kwanza kabla ya kufungua mlango. Asiyefika ameongeza majeruhi wawili na kupunguza gari moja.

Sasa tufike kwenye tukio lenyewe. Naomba niwasimulie kosa langu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa dereva, niliitwa usiku kwenye ajali ya basi. Nilifika wa kwanza. Barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukingo wa udongo na upande mwingine mtaro, na mimi nililiingiza gari pua mbele hadi karibu kabisa na basi, nikazima injini, nikatia funguo mfukoni, nikanyakua machela na kukimbia kwenye vilio. Nilijiona nafanya kazi. Nyuma yangu yalikuja magari mengine mawili, likiwemo pikapu la raia mwema, na watu wakaanza kupakia majeruhi. Yalipotaka kugeuka kuondoka hayakuweza, kwa sababu gari langu lilikuwa limeziba sehemu pekee ya kugeuzia. Watu waliita namba za gari langu gizani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa basi, nimemshikia tochi mhudumu, sisikii. Katika moja ya magari yaliyosubiri alikuwemo mama aliyekuwa akivuja damu tumboni, ndani kwa ndani. Alifika hospitali akiwa hai, akafariki kabla ya alfajiri. Daktari aliniambia kwamba huenda asingepona hata kama angewahishwa. Nilimshukuru kwa kunihurumia, lakini tangu usiku ule funguo za gari la wagonjwa hazijaingia tena mfukoni mwangu.

Ndiyo maana nasisitiza jambo linaloonekana dogo. Gari la kwanza huegeshwa mahali ambapo haliwezi kumziba mtu, pua ikielekea njia ya kutokea, taa zikiwaka, funguo zikibaki kwenye swichi, na dereva akibaki na gari lake. Anabaki hata kama mikono inamwasha kwa hamu ya kusaidia. Redio iko kwake na mwanga uko kwake, na kila gari litakalofuata litapanga foleni kwa kumtazama yeye. Mhudumu mwenzake huzunguka eneo lote mara moja, bila kuinama kwa mgonjwa yeyote. Najua kwamba neno hili ni gumu. Kuna mtu atakushika suruali, kuna mama atakunyooshea mtoto, na utapita. Unapita ili mtoto yule na wengine 30 usiowaona wapate magari matano badala ya lako moja.

Anayezunguka anarudi na habari, na habari hiyo lazima itoke kwa mpangilio ili anayepokea upande wa pili asihitaji kuuliza. Nimewahi kusikiliza mhudumu akipiga kelele kwenye redio kwa dakika nzima, "Ni balaa, leteni magari!", na kituoni hakuna aliyejua ni wapi wala mangapi. Nataka kila mmoja wenu aweze kusema namna hii, kwa sauti ya kawaida: "Natangaza tukio kubwa. Niko barabara ya Dar es Salaam, baada ya Mikese. Basi la abiria limegongana na lori la mafuta. Mafuta yanamwagika, upepo unaelekea bondeni upande wa kushoto. Njooni kwa upande wa Morogoro, upande wa pili umezibika. Naona majeruhi kati ya 30 na 40, kumi hivi hawasimami. Nahitaji Zimamoto, polisi, na magari ya wagonjwa yasiyopungua sita. Hospitali ijulishwe sasa." Ujumbe huo hauzidi nusu dakika. Msiogope neno "natangaza". Ikibainika baadaye kwamba majeruhi ni wachache, magari yatarudishwa na hakuna atakayedhurika; lakini aliyechelewa kutangaza kwa kuogopa kuchekwa hawezi kurudisha muda.

Mmesikia nikitaja mafuta na upepo. Hapa narudi Msamvu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea. Hutambaa chini, hujaa kwenye mitaro na mabonde, na husafiri mbali na lori hadi ukutane na cheche, ambayo inaweza kuwa ya sigara, ya injini ya bodaboda au ya waya wa betri. Kwa hiyo gari la wagonjwa linalokaribia lori la mafuta lililopinduka husimama mbali, upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka. Malori mengi hubeba kibao cha rangi ya chungwa chenye tarakimu: chini ukiona 1203 ni petroli, ukiona 1202 ni dizeli. Vinasomeka kwa darubini, na darubini ya bei nafuu ingekuwa na faida katika kila gari letu. Mwongozo wa dharura za kemikali unaotumika Amerika ya Kaskazini hushauri kuwaondoa watu walio upande upepo unakoelekea hadi mita 300 endapo petroli nyingi imemwagika, na kutenga mita 800 pande zote endapo lori lenyewe limeshika moto. Mita 800 katika mji kama huu ni mtaa mzima. Kazi hiyo ni ya Zimamoto na polisi, na katika dakika ambazo hawajafika ni ya kipaza sauti kilichoko juu ya gari lenu. Kuwaondoa watu 50 kwenye dimbwi la petroli kwa maneno ni tiba kubwa kuliko zote mtakazotoa maishani, na hakuna hata jina moja litakaloandikwa kwenye kitabu cha wagonjwa.

Eneo likishakuwa salama, ndipo kuchambua majeruhi kunapoanza. Njia tunayofundisha ilibuniwa mwaka 1983 huko Newport Beach, California, na hospitali pamoja na kikosi cha zimamoto cha mji huo, na uzuri wake ni kwamba haihitaji chombo. Kwanza unawaambia wote wanaoweza kutembea waende mahali unapowaonyesha: hao ni wa kijani kwa sasa, yaani wanaoweza kusubiri. Waliobaki unawaendea mmoja mmoja, kuanzia pale uliposimama. Hapumui? Mfungulie njia ya hewa. Akianza kupumua ni mwekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza; asipoanza ni mweusi, yaani anahesabiwa kuwa amefariki. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Mwekundu. Mapigo ya kifundo cha mkono hayapatikani? Mwekundu. Hafuati agizo dogo kama "nibane kidole"? Mwekundu. Aliyepita yote hayo ni wa njano, anayefuata baada ya wekundu. Kwa kila mtu unaruhusiwa kufanya mawili tu, kumfungulia njia ya hewa na kuzuia damu inayomwagika, kisha unaendelea mbele. Mmewaona mama zetu wakichambua mchele kwenye ungo: hakuna apikaye huku akichambua. Na kelele zisiwahadae. Anayepiga kelele ana hewa ya kupigia kelele. Mtafuteni aliyenyamaza.

Hata hivyo njia hii ina mahali inapotudanganya, na mahali penyewe ni moto. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili anaweza katika saa ya kwanza kusimama, kutembea, kueleza anakoishi na hata kuomba simu ampigie mkewe. Kwa kanuni niliyoeleza ataitwa wa kijani, atakaa pembeni na wenye michubuko, na saa chache baadaye koo litakuwa limevimba na kuziba. Kwenye tukio la moto, basi, nendeni upya kwa wale wanaotembea. Angalieni masizi puani na mdomoni, vinyweleo vya pua vilivyoungua, sauti iliyokwaruza. Mwenye dalili hizo ni mwekundu hata kama amekuja kwa miguu yake na anawashukuru. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, nguo zinazofuka na pete zitolewe, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mwili ufunikwe usipoe. Si asali, si dawa ya meno, si unga. Na hao waliopewa rangi nyeusi warudiwe mara moja wekundu wanapokwisha kuondoka, kwa sababu aliyewapa rangi hiyo alikuwa mtu mmoja, gizani, akikimbizana na muda.

Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sijaona mahali ambapo maneno hayo ni ya kweli kama kwenye ajali yenye majeruhi 40, ambapo kila mwenye cheo anafika na kutoa amri. Anayeongoza huduma ya tiba avae kizibao kinachoonekana, asimame mahali pamoja, na asishike mgonjwa. Akija mwenye uzoefu zaidi yake, wakabidhiane kwa maneno na kwa kuvuana kizibao. Ofisa wa Zimamoto ndiye mwenye kauli ndani ya eneo la hatari, polisi ndiye mwenye kauli kwenye barabara na umati, na hao watatu wasimame karibu kiasi cha kusikilizana bila redio.

Halafu kuna wananchi. Hatuwezi kuzungumza juu ya matukio makubwa ya Afrika Mashariki tukajifanya kwamba sisi ndio wa kwanza kufika. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, wengi kwa vioo, kwa kuwa vurugu zilipoanza kabla ya mlipuko walisogea madirishani kuchungulia. Na wengi waliobebwa hadi hospitali walibebwa na raia, kwa magari binafsi na matatu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio walioifikia kwanza kwa mitumbwi yao. Waliopona walikuwa 24. Kwa hiyo, mkifika mkakuta vijana wa bodaboda wameshaanza kazi, msiwafukuze. Wapeni kazi: huyu abane kidonda hiki asiachie, hawa wanne wabebe machela, yule azuie magari. Ninaowaogopa ni wale wanaoondoka na majeruhi bila yeyote kujua wamempeleka wapi, na dawa yake ni kuwaweka mahali pamoja pa kupakia, penye mtu mmoja mwenye daftari.

Daftari hilo nitalitetea mbele ya yeyote. Namba ya mgonjwa, rangi, namba za gari, hospitali anakokwenda, saa. Bila hilo, wenye majeraha madogo hufika kwanza kwa bodaboda, hujaza vitanda vya hospitali ya karibu, na wekundu wanapowasili hukuta korido imejaa. Mwenye daftari huwagawa: wekundu wachache hapa, wengine kituo kingine chenye upasuaji, wa kijani wapandishwe basi moja waende mbali zaidi. Kutoka hapa hadi Muhimbili ni takriban kilomita 190, na atakayepelekwa huko lazima awe ameshatulizwa hapa. Jioni, familia zitakapokuwa zikizunguka kutoka wodi hadi wodi zikiuliza, daftari hilo litakuwa ndilo jibu pekee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwako nina ombi moja. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa uko nchi nzima, umeonyesha kwamba tunaweza: mama mjamzito au nduguye anapiga 115 bila malipo, anayepokea amefundishwa kuuliza maswali, na gari la wagonjwa lisipokuwepo anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na nauli yake inalipwa kwa simu. Mwenye ajali ya barabarani anastahili mpangilio huohuo: anayepokea simu, anayejua kila gari liko wapi, na orodha ya madereva walioandaliwa. Watu wa kuufanya wako katika ukumbi huu.

Ndugu wahitimu, tukio likiisha kazi haijaisha. Gari lioshwe, mtungi wa oksijeni ujazwe na kufungwa mahali pake, mikanda ya machela ihesabiwe. Kisha kaeni pamoja, dereva na mhudumu na aliyekuwa kwenye redio, kabla ya yeyote kwenda nyumbani, mkaambizane mlichoona. Mimi sikufanya hivyo usiku ule wa basi. Nilikaa miezi nikimsikia mama yule, na nilidhani niko peke yangu.

Saa nane mchana tutakuwa uwanjani na magari matatu, basi bovu tuliloazimwa, na wanafunzi 40 waliokubali kuwa majeruhi. Wamepakwa rangi, wameelezwa nani apige kelele na nani anyamaze. Gari la kwanza litaingia kwa ishara yangu, na nitakuwa nimesimama kando ya mlango wa dereva.